Pishi Tatu Mbichi

Asaa, karatasi yako ninayo hapa
chini ya taa ya chaji, umeme umekatika tangu magharibi.
Swali la saba la sayansi limeuliza
maji huenda wapi kitu kibichi kikianikwa juani.
Limeuliza kwa Kiingereza.
Nawe umelielewa, Mola akujaze,
maana wenzako thelathini wamelinakili swali lenyewe mahali pa jibu,
kwa hati nzuri, kama wanaoshona kofia.

Wewe umeandika:
"Pishi tatu mbichi zikikauka huwa moja.
Zile mbili hazikuibiwa, mama kalala uwanjani akizilinda.
Zimepaa na jua, hazionekani,
lakini ukiinamisha uso juu ya jamvi mchana
wazihisi shavuni."

Miaka kumi na tisa nafundisha Mgagadu,
sijapata kusoma jibu lenye shavu.
Nimekupa sifuri.

Waraka uko ukutani, kwenye msumari wa kalenda:
sayansi ijibiwe kwa Kiingereza,
jibu la lugha nyengine lisihesabiwe.
Waraka wenyewe ni wa Kiswahili,
Kiswahili safi, kina muhuri,
kimepanda boti kutoka Unguja
kuja kutwambia kuwa hakitoshi.

Jumatano nikasahihisha insha.
Umeanza: "Ami kaja na jogoo. Kaja usiku, siye tushalala."
Nikapiga mstari chini ya kaja. Amekuja.
Nikapiga chini ya siye. Sisi.
Kufika mwisho, ukurasa wote mwekundu
kama aliyetafuna tambuu akatema.
Basi jumla yako, mwanangu, ni hii:
huku umeanguka kwa kuandika Kiswahili,
kule umeanguka kwa kuandika cha kwenu.

Na mwezi wa saba si tulipangwa juani, uwanja wa Chake,
na fulana za bure zenye maandishi mgongoni?
Mheshimiwa akasema lugha yetu johari,
lugha yetu bidhaa, dunia inaipigia hodi.
Nilipiga makofi. Nilikuwa safu ya mbele.
Mwanawe, nasikia, yuko skuli ambayo
ukisema "niazime raba" unatozwa faini.

Leo asubuhi mama yako kaja.
Amekuja. Ona, hata mkono wenyewe wanikatalia.
Bi Mize, harufu ya makonyo kwenye buibui,
kafungua pindo la leso, karafuu kavu kiganja kizima,
kazimwaga mezani pangu.
"Mwalimu, kwani kwa Kizungu hizi zakauka vyengine?"
Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua.
Nikamwambia dunia imebadilika, mtoto atakihitaji,
kuna hoteli, kuna benki, kuna safari.
Yote kweli. Mimi mwenyewe kimenilisha.
Sikumwambia kwamba swali lile la saba,
lau ningepewa miye utotoni,
ningelinakili. Kwa hati nzuri.

Chuoni Unguja walinicheka neno moja tu,
siku ya kwanza, kwenye foleni ya chai.
Sitalitaja.
Nilikaa kimya mpaka Ijumaa,
na niliporudi Kojani kwa Idi
shangazi akanambia, "Wasema kama redio."
Tukacheka sana.
Tangu siku hiyo hunisemesha taratibu, kama mgeni.

Taa inakaribia kwisha.
Kando ya sifuri yako nimeandika mbili, kwa penseli,
ndogo, mkaguzi akipitisha kidole itafutika.
Kesho naikabidhi bahasha.

Karafuu za mama yako sijazirudisha.
Nimezikusanya kiganjani, zimejaa pomoni, nyepesi,
na mimi mtoto wa kisiwa kisicho mikarafuu
nimekaa gizani najaribu kukisia
mbichi zilikuwa ngapi.